Gesi si kazi: namna ya kuchagua pa kwenda baada ya kidato cha nne au cha sita, ukiwa Mtwara au Lindi

"Nataka kusoma mambo ya gesi." Kauli hii imesemwa sana Mtwara na Lindi tangu bomba la kwenda Dar es Salaam lilipoanza kujengwa, na bado inasemwa. Mwulize aliyeitoa atashika nini mkononi akifika kazini, atanyamaza. Gesi si kazi. Kwenye gesi kuna mchomeleaji, fundi umeme, mhasibu, mpishi wa kambi, dereva wa krini na mtaalamu wa miamba, na kila mmoja aliingia kwa mlango wake na kwa masomo yake. Ndivyo ilivyo kwa "afya", "bandari" na "korosho".

Kwa hiyo utaratibu ni huu: kwanza jua cheti chako kinafungua milango ipi, kisha kaitazame kazi yenyewe kwa macho, kisha piga hesabu ya pesa, na maombi yaje mwisho. Wengi huanza na maombi. Matokeo yake ni ada za maombi kupotea kwenye vyuo ambavyo visingeweza kuwachukua hata wangetaka.

Soma cheti kabla ya kusoma matangazo

Chukua karatasi, andika masomo yako yote na alama zake. Usiandike daraja peke yake. Daraja ndilo wanaloulizia majirani. Chuo kinaangalia somo moja moja. Kwa kidato cha nne A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, na masomo saba bora ndiyo yanayojumlishwa: 7 hadi 17 daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne.

Sasa angalia jambo linalowashangaza wengi. Mwenye daraja la nne aliyepata D ya Kemia, D ya Baiolojia na D ya Fizikia, na somo la nne lisilo la dini, ana sifa ya chini ya kuomba stashahada ya utabibu. Mwenye daraja la pili la masomo ya sanaa, mwenye F ya Fizikia, hana. Kuwa na sifa ya chini si kuchaguliwa, maana nafasi hugombewa, lakini mlango wa kwanza umefunguka kwa mmoja na umefungwa kwa mwingine, na daraja halikusaidia kitu.

Kwa anayewaza kidato cha tano, vigezo vya kuchaguliwa ni angalau C tatu katika masomo yasiyo ya dini, jumla isiyozidi pointi 25, na masomo matatu ya tahasusi yasiwe na F wala kuzidi pointi 10 kwa pamoja. Tahasusi ndiyo inayoamua zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kosa lake huonekana miaka miwili baadaye. CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) inavutia anayeogopa Fizikia, lakini haikufikishi kwenye udaktari, maana udaktari unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) inakwenda vizuri na uchumi, takwimu na mipango. PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) inakufaa kwa upimaji wa ardhi, ila baadhi ya kozi za uhandisi, hasa zinazogusa mafuta na kemikali, huuliza Kemia, nawe hutakuwa nayo. Matokeo yakishatoka, mfumo wa Selform wa TAMISEMI hufunguliwa kwa muda ili ubadilishe tahasusi au uchague chuo. Dirisha hilo hufungwa, na wengi hulikosa kwa sababu walijaza fomu wakiwa shuleni kwa kumfuata rafiki, wakaisahau.

Ukiomba chuo kikuu kwa cheti cha kidato cha sita, hesabu inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Shahada ya kwanza inataka kiwango cha chini cha pointi 4 kwenye masomo mawili yanayohusika na kozi. D mbili zinafika hapo. Zingatia maneno "yanayohusika na kozi": ukiwa na A ya Historia na kozi inataka Hisabati na Uchumi, hiyo A haihesabiwi. Kitabu cha mwongozo cha TCU, tume ya vyuo vikuu, kinaeleza masomo ya kila kozi ya kila chuo, na cha NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kinafanya hivyo kwa vyeti na stashahada. Vyote viwili hupakuliwa bure kwenye tovuti zao. Usimlipe mtu wa steshenari ili akusomee kilichoandikwa humo.

Ukikuta somo moja tu limekuzuia, kurisiti ni njia halali na nafuu. Unajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea mwanzoni mwa mwaka kwenye kituo kilicho karibu, unafanya mtihani Novemba. Kosa la kawaida ni kurudia masomo saba wakati ulilokosa ni Fizikia peke yake. Nguvu hugawanyika na Fizikia inabaki palepale.

Usikimbilie kuidharau stashahada pia. Kwa wengi wa huku ni njia fupi kuliko kidato cha tano: miaka mitatu baada ya kidato cha nne unatoka na kazi mkononi, na ukipata GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 au zaidi unaweza kuomba shahada ukiwa na angalau D nne za kidato cha nne.

Kazi zilizopo huku, na jinsi zinavyoonekana kwa karibu

Tuanze na korosho, kwa sababu watu huiona kama shamba la babu tu. Katika msimu wa minada, unaoanza Oktoba, tazama anachofanya mpimaji wa ubora ghalani. Anachukua sampuli ya kilo moja kutoka kwenye magunia, anahesabu punje, kisha anazikata moja moja katikati. Anatenga zilizo njema, zilizooza, zilizoliwa na wadudu na ambazo hazikukomaa, anapima kiini chema, na mwisho anapata ratili ngapi za kiini zitatoka kwenye gunia la kilo 80. Anapima na unyevu, ambao hautakiwi kuzidi asilimia 10. Mtu huyo mmoja, mwenye mkasi, mizani na kalamu, anaweza kushusha bei ya mzigo wa kijiji kizima. Ni kazi ya umakini na uaminifu, inafaa mtu asiyechoka kurudia jambo lilelile, na haimfai anayependa kuzungukazunguka.

Nyuma yake kuna wengine. Kuna mhasibu au karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), ambaye wakati wa malipo ya wakulima kila kosa la namba ya akaunti ni ugomvi ofisini. Hapo uhasibu wa TIA, chuo cha uhasibu chenye kampasi Mtwara, au masomo ya chuo kikuu cha ushirika cha Moshi yana maana ya moja kwa moja. Kuna bwana shamba na bibi shamba wanaopitia vyuo vya kilimo kama MATI Mtwara, na watafiti wa TARI Naliendele, ambako utafiti wa korosho nchini ndiko ulikolala. Kuna wakala wa forodha anayeshughulikia makaratasi ya mzigo unaotoka bandari ya Mtwara. Chuo cha Kodi kina cheti cha kazi hiyo. Na kuna fundi wa bloa. Kila mwaka kuanzia mwezi Mei wakulima hupulizia salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na mashine ikizima katikati ya shamba hakuna anayesubiri wiki. Mwenye ufundi wa injini ndogo na vipuri mkononi Tandahimba au Newala ana miezi kadhaa ya kazi isiyokatika. Lakini iliyobaki ya mwaka lazima awe na bodaboda za kutengeneza, au mashine za kusaga, vinginevyo atakula mtaji.

Gesi ni habari nyingine. Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, na bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika 2015. Wakati wa ujenzi ajira zilikuwa nyingi. Mtambo ukishasimama, kama ule wa Madimba, unaendeshwa na watu wachache wenye ujuzi mahususi. Hiyo ni tabia ya sekta nzima, wala si njama dhidi ya watu wa kusini. Mradi wa kusindika gesi wa Likong'o, Lindi, umezungumzwa miaka mingi. Ushauri wetu: usisomee kitu kitakachokufaa siku mradi ukianza tu. Soma kinacholisha leo na kitakachohitajika kesho. Umeme wa viwandani, uchomeleaji, ufundi wa viyoyozi na majokofu, uendeshaji wa mitambo mizito: hivi vinatumika kiwanda cha saruji, bandarini, kwenye machimbo ya kinywe (grafiti) ya Ruangwa na kwenye gesi.

Ila elewa viwango. Kuchomelea mageti na madirisha barabarani si sawa na kuchomelea bomba la gesi. Jaribio maarufu la wachomeleaji wa bomba, wanaloliita 6G, hufanywa bomba likiwa limefungwa kwa pembe ya digrii 45 bila kuzungushwa. Wewe ndiye unayelizunguka, unachomelea ukiwa umeinama, umesimama, na kwa chini ukitazama juu. Baadaye kiungo hupigwa picha ya mionzi au hukatwa na kukunjwa kuona kama kina nyufa. Cheti cha VETA kinakufikisha kwenye uwezo wa kujifunza hili, hakikupi lenyewe. Fundi umeme naye, cheti peke yake hakimruhusu kufunga umeme kwenye nyumba za watu kwa jina lake: anahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni hizo zina madaraja.

Afya ina faida ya kuwa na vyuo karibu, vikiwemo vya Mtwara mjini na Ndanda, na hospitali za kutazama kazi: Ligula, Sokoine ya Lindi, Mkomaindo ya Masasi, na ya rufaa ya kanda pale Mitengo. Kabla hujaandika "uuguzi" kwenye fomu, jiulize kama unaweza kukesha wodini mara kadhaa kwa mwezi na kusafisha kidonda chenye harufu bila uso wako kumsema mgonjwa. Baada ya chuo kuna usajili na leseni ya baraza la taaluma. Bila hiyo hakuna ajira halali.

Ualimu tuseme kwa ufupi: walimu wa sayansi na hisabati hupata nafasi haraka kuliko wa masomo ya sanaa, ambao wengi husubiri miaka, na sasa ajira za serikali hupitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Mtwara kuna vyuo vya ualimu na chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris. Anayeingia kwa masomo ya sanaa aingie akiwa na mpango wa pili.

Bahari inasahauliwa, jambo la ajabu kwa watu wa pwani. FETA, wakala wa elimu ya uvuvi, ina kituo Mikindani kinachofundisha uvuvi na ufugaji wa viumbe maji, na Kilwa Masoko kuna mradi wa bandari ya uvuvi. Fundi wa injini za boti, fundi wa barafu na mtu anayejua kuhifadhi samaki watatafutwa kabla ya maofisa.

Nenda ukaitazame

Chagua kazi mbili, zisizidi tatu. Kwa kila moja tafuta watu watatu: aliyeanza mwaka jana au juzi, aliyeizoea miaka kumi, na aliyeiacha. Huyu wa mwisho ndiye watu humruka, na ndiye mwenye habari ambazo wengine wawili watazificha kwa heshima ya kazi yao.

Kwa fundi wa mtaani unakwenda mwenyewe asubuhi kabla hajaanza kazi. "Shikamoo fundi. Nimemaliza kidato cha nne, nafikiria ufundi huu. Naomba nikae hapa siku mbili nikuangalie na kukusaidia kubeba, sihitaji malipo." Wachache hukataa. Kwa ofisi, hospitali au ghala, omba barua ya utambulisho kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, iandikwe unakokwenda na kwa siku ngapi. Bandarini hutaruhusiwa kuingia hivihivi. Anza na ofisi ya wakala wa forodha mjini.

Waulize maswali yenye jibu la namba au jina. Ulinunua vifaa gani kwa pesa yako, na viligharimu kiasi gani? Ulikaa muda gani kati ya kumaliza chuo na kulipwa mara ya kwanza? Nani anakulipa, na hulipa tarehe ngapi kweli? Miezi ipi huna kazi? Leseni gani unaihuisha, kila baada ya muda gani? "Je, kazi ni nzuri?" ni swali la kupoteza muda, maana kila mtu atasema tunamshukuru Mungu.

Kaa mpaka mwisho wa siku. Asubuhi kila kazi inapendeza. Saa tisa alasiri, jua la Machi, ndipo utakapojua kama unaiweza. Ukiona muda umekwenda bila kutazama saa, iandike hiyo. Ukitamani kuondoka kabla ya chakula cha mchana, iandike pia.

Hesabu ya pesa na kalenda ya korosho

Hapa ndipo mipango mingi ya kusini huvunjika, na si umaskini peke yake unaoivunja: tarehe nazo huivunja. Vyuo vya stashahada na vyuo vikuu hufunguliwa kati ya Septemba na Novemba. Minada ya korosho huanza Oktoba, na pesa humfikia mkulima baadaye. Familia ina mali shambani, lakini siku ya usajili haina noti. Kijana anachelewa wiki nne, anakosa chumba cha bweni na majaribio ya kwanza.

Dawa yake ni kupanga miezi kumi kabla. Familia ya Nachingwea, Ruangwa au Liwale yenye ufuta huuza kati ya Mei na Julai: hiyo ndiyo pesa ya kutengea usajili, nauli na godoro, na korosho ibebe ada ya awamu ya pili. Vyuo vingi hukubali ada kwa awamu. Uliza kwa maandishi ni awamu ngapi na tarehe zake. Usikubali kangomba, yaani kumuuzia mchuuzi korosho nje ya mfumo rasmi kwa bei ya kutupa, ili kulipia ada. Ni kinyume cha sheria, na mwaka wa pili wa chuo utakukuta huna kitu.

Katika bajeti, ada mara nyingi ni sehemu ndogo. Andika: ada, michango ya chuo, bima ya afya, sare au koti la maabara, vifaa vya fani, chumba, chakula kwa siku mara idadi ya siku, nauli ya kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka, na gharama za mafunzo kwa vitendo, ambazo hukaa nje ya fomu ya kujiunga. Jumla hiyo izidishe kwa miaka ya kozi. Halafu linganisha chuo cha Mtwara na cha Dar es Salaam. Mara nyingi chumba na chakula cha Dar hula zaidi ya ada yenyewe.

Mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ni ya shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 baadhi ya stashahada za vipaumbele nazo zimeingizwa. Kwa anayemaliza ufundi, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Seti ya vifaa vya kuchomelea ya kikundi inaweza kuanzia hapo; uliza kwa afisa maendeleo ya jamii.

Kikao cha nyumbani

Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mjomba ana neno kwenye jambo kama hili, na wakati mwingine ndiye mwenye mikorosho. Usimpelekee uamuzi uliokwisha kufungwa, wala usimpelekee ndoto. Mpelekee karatasi: kazi mbili ulizozitazama, sifa za kujiunga zikilingana na cheti chako, bajeti ya mwaka, na mwezi ambao pesa itahitajika. "Mjomba, nimekuja na hesabu, naomba uikague" hupokelewa tofauti na "nataka kwenda chuo." Akipendelea kazi nyingine, mwombe aitaje kwa jina nawe ukaitazame kwa njia ileile.

Maombi, na yanayoharibika

Majina ndiyo chanzo cha kwanza cha kukwama. Cheti cha NECTA kinasema Mwanahamisi, cha kuzaliwa Mwanahamis, NIDA ina jina la babu badala ya la baba. Linganisha herufi kwa herufi mapema, na kama kuna tofauti anza marekebisho RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au kwa hati ya kiapo, usingoje Julai. Asiye na cheti cha kuzaliwa aanze kukifuatilia siku anayomaliza mtihani. HESLB inataka cheti hicho kihakikiwe na RITA, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi pia; fomu huchapishwa, husainiwa na kiongozi wa mtaa au kijiji na mbele ya hakimu au wakili, kisha hupakiwa tena kwenye mfumo. Ukurasa mmoja usiosainiwa unatosha kukuangusha.

VETA wana kalenda yao. Maombi hufanyika mwaka unapoelekea mwisho na masomo huanza Januari, kabla ya matokeo ya kidato cha nne au yakiwa ndiyo kwanza yanatoka. Anayesubiri matokeo ndipo aombe VETA hupoteza mwaka mzima. Omba ukiwa bado unasubiri. Ukipata tahasusi uliyoitaka utaamua.

Kabla ya kulipa chochote, hakiki mambo mawili kwa NACTVET au TCU: chuo kimesajiliwa, na kozi hiyo imeidhinishwa. Kuna vyuo halali vinavyotangaza kozi ambazo bado hazina ithibati, na cheti chake hakitakubaliwa popote. Malipo ya serikali hupitia namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Anayekutajia namba ya simu ya mtu binafsi, au anayeuza "nafasi za gesi", mwache.

Kwa shahada unaomba moja kwa moja chuoni. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unatumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu ili uthibitishe kimoja ndani ya muda uliotajwa. Usipothibitisha, nafasi inaondoka. Kwa hiyo jaza namba ya simu yako mwenyewe, si ya mwenye duka la intaneti aliyekusaidia, na wakati huo hakikisha uko mahali penye mtandao hata kama shamba linakungoja.